Mwananchi Mmoja

Skana nimeiweka kando ya dawa zangu za presha,
pale Arvella alipokuwa akilaza miwani yake.
Antena nimeifunga kwa waya kwenye bomba la jiko,
maana makorongo ya Utah hula sauti
kama mchanga unavyokunywa maji.

Usiku taa nyekundu hukimbia juu ya masafa,
hukimbia, hukimbia,
kisha husimama: mtu amebonyeza kitufe.
Hajasema neno, nami nimeshamjua kwa pumzi.

Kumi na Saba hukohoa, mara moja, kama anayebisha hodi.
Nne humeza mwisho wa kila neno.
Na yule binti wa kituoni, zamu ya usiku,
huwajibu wote "nimekupata" kwa upole ule ule,
awe mtu kafunga geti la kambi
au kaokota maiti.

Sijawahi kuwaona. Nimewapa mwenyewe vimo, ndevu, mbwa.
Najua Kumi na Saba hali vitunguu
na gari lake linavuja mafuta tangu Machi.
Kanisani wananitania: Delmar, unaidoya serikali!
Sidoyi. Niliendesha greda miaka thelathini na moja,
barabara zile nimezichonga mimi.
Nataka tu kujua kama bado zinafika.

Agosti, Jumanne, saa mbili usiku.
Mvua imepiga milimani; kwetu hata tone.
Ndivyo yajavyo mafuriko ya huku, nyota zikikutazama.
Redio ikasema: kijana, miaka kumi na tisa,
shati la kijani, ametoka Ohio,
kaandika jina kwenye daftari la tawi la kaskazini.
Wakaenda kaskazini wote,
nikawasikia wakipanda, sentensi zikifupika.

Nami gari lake nilikuwa nimeliona.
Jeupe, namba za Ohio, saa sita mchana,
limeegeshwa kwenye lango la zamani la ng'ombe,
kusini, Mkia wa Nyumbu,
njia iliyofutwa ramanini kabla wao hawajajua kusoma ramani.

Kusini! nikaiambia skana.
Nikaiambia tena. Nikaipiga kofi.
Kitu hiki kimepewa sikio, ulimi kikanyimwa.

Nikapiga simu. Akapokea yule binti,
sauti ile ile, lakini kavu, ya mtu asiyenijua.
"Bwana, umejuaje tunamtafuta nani?"
Miaka sita nimelala na sauti zao,
nikaona haya kama aliyekutwa nyuma ya pazia.
"Nasikiliza," nikasema.
Akanyamaza.
Kisha: "Lango lipi la ng'ombe?"

Haikupita dakika, nikajisikia nikitoka ndani ya kisanduku:
"Vituo vyote. Mwananchi mmoja amepiga simu."
Mwananchi mmoja.
Nilikaa wima kitandani, nikafunga vifungo vya shati.

Saa saba kasorobo, kikohozi.
"Nimempata. Yuko juu ya mwamba. Kiatu kimoja.
Anaomba radhi."
"Nimekupata," akasema binti, na safari hii
sauti ilimteleza kidogo.
Anaomba radhi! Nilicheka peke yangu gizani,
nikanyoosha mkono upande wa Arvella, kumwambia.

Ijumaa, dukani, nimeshika betri nane.
Nyuma yangu mtu akakohoa. Mara moja.
Nilikuwa nimempa urefu wa mlango;
ananifika begani, mvi zimemuanza,
kifuani pameandikwa QUINTANA,
mkononi mkate wa nyama usio na kitunguu.
Maneno yote ya miaka sita yakanijaa mdomoni.
"Tangulia," nikasema.
"Asante," akasema,
na hapakuwa na mkwaruzo wowote katikati yetu.

Akalipa, akaondoka.
Nilipotoka, mahali gari lake liliposimama
palikuwa na doa la mafuta, bado bichi,
upana wa sahani.